Roadster yenye umeme wa kubabaisha: pima kwanza, kontroli boksi baadaye

Msomaji wa Nzuguni, Dodoma, ameniandikia kuhusu Eunos Roadster yake ya 1992 (ndiyo Mazda MX-5), injini ya 1.6, aliyoinunua Dar es Salaam. Nafupisha maelezo yake. Asubuhi nyingine akizungusha ufunguo anasikia "ta!" moja tu, basi; akirudia mara kadhaa gari linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Usiku akiwasha taa kubwa, feni na indiketa kwa pamoja, mwanga unafifia na kucheza. Taa kubwa za gari hili hulala ndani ya boneti na kuinuka zikiwashwa; ya kushoto kuna siku haiinuki, gari linabaki chongo. Kwenye matuta na barabara ya makorongo injini inazimika ghafla, halafu inawaka tena. Likikaa siku 4 bila kuendeshwa, betri hoi. Ameshanunua betri 2 na altaneta ya mtumba, na sasa fundi anamwambia dawa ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Anauliza: "Niitafute hiyo boksi, au gari lenyewe niliuze tu?"

Ndugu yangu, usinunue, na usiuze bado. Kontroli boksi ya gari hili haizungushi stata, haiinui taa wala haiongezi mwanga. Shughuli yake ni petroli na moto wa plagi. Kwa hiyo katika malalamiko yako yote inaweza kuhusika na moja tu, lile la kuzimika, na hata hapo mimi ningeiweka mwisho wa foleni. Kwenye gereji zetu kontroli boksi hubebeshwa kila kosa kwa sababu haifunguliki na haijitetei.

Ninavyoona una matatizo matatu au manne madogo yanayotembea pamoja, na kubwa lao liko kwenye viungo: mahali waya unapofungwa kwenye bodi, kwenye betri, au kwenye waya mwenzake. Gari lina miaka zaidi ya 30. Waya wenyewe ndani ya plastiki yake huwa bado mzima. Kinachochoka ni miisho.

Roadster ina sababu ya ziada ya kusumbua upande huu. Mazda waliweka betri ndani ya buti, upande wa kulia, ili uzito ugawanyike vizuri mbele na nyuma. Kwa uendeshaji ni jambo zuri sana. Kwa umeme maana yake ni kwamba moto wa stata unatoka nyuma, unavuka urefu wa gari kwa waya mnene hadi mbele, unaingia stata, kisha unarudi kupitia chuma cha injini, waya wa ethi unaofunga injini kwenye bodi, bodi nzima, boliti moja iliyoko buti, na mwisho kile kipande kifupi cha waya wa hasi cha betri. Kwenye Corolla betri na stata ni majirani. Kwako wewe kila kiungo cha njia hiyo kinadai ushuru wake.

Tufanye hesabu ndogo. Stata ikizungusha injini inavuta tuseme ampea 150. Kiungo chenye kutu kikiwa na ukinzani wa omu 0.02 tu, hapo panapotea volti 3. Betri nzima ikiwa na mzigo wa stata hushuka hadi 10 na kidogo. Toa hizo 3, stata inabaki na 7 na ushee. Sumaku yake inavuta, inagonga "ta!", haina nguvu ya kuendelea. Kesho yake kiungo kimetikisika kidogo, kimeshikana vizuri zaidi, gari linawaka. Ndiyo maana betri mpya ilionekana kutibu kwa wiki kadhaa halafu ugonjwa ukarudi: kwa kuibadilisha, fundi alikuwa amegusagusa zile taminali.

Na hiyo omu 0.02 huwezi kuiona kwa mita ya kawaida ukiiweka kwenye kipimo cha omu. Nyaya za mita yenyewe zina ukinzani zaidi ya huo. Vilevile ukipima volti gari likiwa limelala, mita itakusomea 12.6 kila mahali, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana. Daraja bovu hupitisha bodaboda siku nzima bila tatizo. Ubovu wake utaujua siku Fuso itakapopanda. Kwa hiyo kanuni ninayotaka uishike katika yote yanayofuata ni moja: pima wakati umeme unatembea.

Tafuta mita ya dijitali ya kawaida, hata ya bei ndogo, na mtu wa kukuzungushia ufunguo.

Betri kwanza, ili tusiijadili tena. Liache gari usiku kucha, asubuhi pima kabla hujagusa chochote. Volti 12.6 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Ikiwa chini ya 12 ichaji kwanza, kwa maana vipimo vingine vyote vitakudanganya. Kisha mwambie mwenzio awashe gari huku waya za mita ziko kwenye nguzo za betri zenyewe, yaani kwenye risasi, si kwenye klipu. Ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, betri ina hitilafu. Ikibaki juu ya 10 huku stata inazunguka kivivu au inagonga tu, iache betri, haina kosa.

Sasa kipimo chenyewe. Mita iwe kwenye volti za DC. Waya mweusi wa mita uweke kwenye nguzo ya hasi ya betri, na ule mwekundu uufikishe kwenye chuma tupu cha injini, si kwenye bodi, si kwenye kipande chenye rangi. Utahitaji kipande kirefu cha waya kuufikisha kutoka buti. Waya mwembamba wa spika unatosha, maana haubebi mzigo. Mwenzio azungushe ufunguo. Mita inakuonyesha kiasi kinachopotea kwenye njia yote ya kurudi. Ikisoma 0.2 au 0.3, ethi ni nzuri. Ikifika 0.5 inabidi ushughulike. Ikisoma 1 na zaidi, umempata mwizi, bado kujua anakaa wapi. Hamisha waya mwekundu hatua kwa hatua: kutoka injini kwenda bodi karibu na injini, kisha bodi ya ndani ya buti, kisha kwenye taminali ya waya wa hasi. Pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa.

Ukishamaliza fanya hivyohivyo upande wa chanya: mita kutoka nguzo ya chanya ya betri hadi skrubu nene ya stata. Stata ya gari hili imejificha chini ya manifoldi ya hewa, kwa hiyo fundi awe mvumilivu, na waya za mita zisiguse kitu kingine huko chini.

Huna mita leo? Kuna njia ya mkato. Chukua waya wa kubusti, ule mweusi, funga upande mmoja kwenye chuma cha injini na mwingine kwenye boliti tupu ya bodi hapohapo mbele. Washa. Stata ikizunguka kwa nguvu mara moja, ethi ya injini ndiyo iliyokufa. Kama hakuna tofauti, rudia buti: kutoka nguzo ya hasi hadi chuma tupu cha bodi. Dalili nyingine ya ethi ya injini iliyokufa ni kebo ya mafuta, hii ya kukanyagia, kuwa ya moto baada ya kuhangaika kuwasha. Umeme uliokosa njia yake unarudi kwa kupitia kebo hiyo, na ikiendelea itaungua.

Kurekebisha ni kazi ya mikono, haina ujanja. Toa waya wa hasi wa betri kabla ya yote. Fungua boliti ya ethi, piga msasa sehemu zote tatu: pete ya waya, boliti, na pale kwenye bodi, hadi chuma king'ae. Watu wengi wanasafisha pete, wanaiacha bodi na rangi yake. Itazame pete kwa karibu: mara nyingi pale waya unapoingia kwenye pete utaona unga wa kijani, na ukikunja waya utasikia unakwaruza ndani. Huo usiusafishe, utupe, weka mpya mnene. Funga kwa washa ya meno, kaza, halafu ndipo upake grisi juu yake. Grisi inakuja baada ya kukaza.

Ukiwa huko buti, tazama betri uliyowekewa. Roadster ilitoka kiwandani na betri ndogo iliyofungwa, yenye mirija ya kutolea hewa nje ya gari. Betri ya kawaida ya maji ikiwekwa humo bila mrija, gesi ya haidrojeni na mvuke wa tindikali vinabaki buti. Mvuke unakula chuma cha sakafu na ileile boliti ya ethi tunayoihangaikia. Gesi inangoja cheche. Kwenye jua la Dodoma, gari limeegeshwa nje mchana kutwa, hilo si jambo la kupuuzia. Ukikosa betri ya aina ile, tafuta iliyo na tundu la pembeni la mrija na uupeleke mrija nje kupitia tundu la sakafuni.

Kuchaji. Washa gari, liache lipoe mlio wake, pima kwenye betri: tarajia 13.8 hadi 14.5. Kwenye joto kali inaweza kukaa upande wa chini wa hapo, ni kawaida. Ikipita 15, altaneta hiyo ya mtumba itakuulia betri ya tatu. Sasa washa taa, feni ya mwisho na kioo cha nyuma kama kina moto wake, kanyaga hadi mizunguko 2,000, pima tena kwenye betri, kisha pima kwenye skrubu nene ya altaneta yenyewe. Kama altaneta inatoa 14.3 na betri inapokea 13.1, altaneta yako haina kosa, volti 1.2 zimepotelea njiani, na hata ile ya kwanza pengine ilikuwa nzima. Kagua na mkanda: ukiwa legevu, mwanga utafifia hivyohivyo hasa gari likiwa linanguruma polepole. Kufifia kidogo taa zikiwaka gari limesimama kwenye taa za barabarani nakuruhusu, altaneta ya magari ya miaka ile ni ndogo. Kucheza kwa mwanga kufuatana na indiketa ndiko sikukubali. Hapo kuna ethi inayotumiwa na vitu viwili, na mmoja anamnyonya mwenzake.

Taa ya kushoto isiyoinuka ni rahisi kuliko inavyoonekana. Mota ziko mbili, kila taa na yake, lakini fyuzi yao ni moja. Ya kulia ikiinuka, fyuzi ni nzima, na swichi pia. Chomoa hiyo fyuzi ya kuinulia taa kabla ya kuingiza mkono, kwa sababu mota hii ikiamka ghafla itakubana vidole vibaya. Juu ya mota kuna kifuniko cha mpira. Kivue, utakuta kitasa kidogo cha kuzungusha kwa mkono. Kizungushe. Kikiwa kigumu, ugonjwa ni wa vyuma: viungo vimekauka na kujaa vumbi, safisha na kupaka mafuta. Kikienda laini hadi taa inainuka, rudi kwenye plagi ya mota. Ichomoe, tazama vipini kama vimekuwa vyeusi au vimelegea, na upime ethi ya upande huo. Mota yenyewe iwe mshukiwa wa mwisho. Na ukiwa safarini usiku ikakugomea, kitasa hichohicho kitakufikisha nyumbani.

Tuje kwenye kuzimika matutani, ambako ndiko ningetumia muda mrefu. Siku ikizimika, usikimbilie ufunguo. Tazama dashibodi katika sekunde ile gari bado linaserereka likiwa kwenye gia. Mambo mawili yatakwambia karibu kila kitu. La kwanza ni taa za dashibodi. Kama dashibodi nzima imekufa, hakuna taa, hakuna indiketa, basi umeme umekatika kabla ya kufika kwenye injini: swichi ya ufunguo iliyolika, taminali ya betri iliyolegea, au kiungo kwenye fyuzi kuu. Kama taa za dashibodi bado zinawaka au indiketa inafanya kazi huku injini kimya, umeme wa dashibodi upo na kilichokatika ni cha injini peke yake: rilei kuu (swichi inayowashwa kwa umeme), au sensa ya mzunguko iliyo nyuma ya silinda hedi. La pili ni mshale wa mizunguko. Ukianguka sifuri palepale wakati magurudumu bado yanaizungusha injini, moto wa plagi umekatika. Ukishuka taratibu pamoja na mwendo, angalia upande wa petroli.

Baadaye, gari limesimama linanguruma, itikise makusudi. Chezesha ufunguo ndani ya swichi bila kuugeuza. Gonga rilei kwa mpini wa bisibisi. Shika nyaya za sensa ile ya nyuma, zitikise. Kwenye injini hizi mpira wa sensa huzeeka na kuvujisha oili, oili inateremkia nyaya na plagi, kwa hiyo ukikuta pamelowa usishangae. Kitu kitakachoizima injini mikononi mwako ndicho chenyewe, na hujalipa hata shilingi.

Kuna jambo hujalisema ila nina wasiwasi nalo: gari hili limepita mikono mingapi? Karibu kila gari la namna hii lililokaa mjini lina king'ora kilichofungwa na kusahaulika, swichi ya siri ya kuzuia wizi, ampu ya muziki, na chini ya dashibodi kumefungwa nyaya kwa kusokotwa na tepu nyeusi iliyoyeyuka kwa joto. Lala chali chini ya usukani na tochi. Kila kiungo cha tepu kifungue. Kisicho na kazi kiondoe kabisa hadi mwanzo wake, kinachohitajika kibane kwa kiungo cha chuma cha kubana na mpira wa kusinyaa kwa moto. King'ora cha zamani kilichokata waya wa ufunguo kinaweza peke yake kueleza kuzimika kwako matutani na betri kuisha.

Hapo mwonye fundi wako kitu kimoja. Wengi mikono yao imezoea Toyota, ambako ethi kwa kawaida ni waya mweupe wenye mstari mweusi, na mweusi mtupu unaweza kuwa umeme wa moto. Kwenye Mazda hii mweusi mtupu ni ethi. Kukisia rangi hapa ni kuunguza nyaya. Na fyuzi kuu ya mbele ni ya ampea 80. Ikikatika, imekatika kwa sababu. Mtu akikwambia aiunge kwa kipande cha waya "ufike kwanza", chukua ufunguo wako.

Betri kuisha kwa siku 4: zima kila kitu, funga milango, toa waya wa hasi, weka mita kwenye kipimo cha ampea 10 kati ya waya huo na nguzo. Usijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo, utaiunguza. Milliampea 50 au chini yake ni saa na kumbukumbu ya redio, achana nazo. Ukikuta ampea 0.5, hizo ni ampea-saa (Ah) 12 kwa siku. Betri ndogo kama ya kwako haimalizi siku ya tatu. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Anza na taa ya buti, kwa sababu ikifungiwa ndani huioni, halafu redio na hicho king'ora.

Kwa Dodoma kuna mawili ya kuongeza. Hewa yetu kavu ni rafiki wa nyaya kuliko ya pwani, lakini kutu ya chumvi iliyoanzia Dar imekuja na gari, na vumbi letu laini linajaa ndani ya plagi. Lipulizwe kwa upepo wa kompresa. Usiwaruhusu vijana wa kuosha magari waelekeze maji ya presha kwenye injini. Na mavuno yakishaingizwa ndani, panya hufuata. Kama gari linalala karibu na ghala, kagua nyaya zilizo juu ya injini na nyuma ya zulia la buti kabla hujamlaumu mtu.

Kuhusu ile kontroli boksi: mashine za kisasa za kusoma makosa hazichomeki kwenye gari hili, ni la kabla ya mfumo huo. Lakini kuna kiboksi cha vipimo kwenye chumba cha injini, chenye alama TEN na GND. Ukiunganisha hizo mbili kwa waya na kuwasha ufunguo bila kuwasha injini, taa ya injini, kama dashibodi yako inayo, inahesabu makosa kwa kumweka. Kama fundi hajawahi kufanya hivyo, hana msingi wa kukutuma ununue.

Niandikie namba nne: volti za asubuhi, volti zinazopotea kati ya hasi ya betri na injini wakati wa kuwasha, tofauti kati ya altaneta na betri taa zikiwa zimewaka, na ampea za gari likiwa limelala. Uniambie pia dashibodi ilikuwa na taa au haikuwa nazo siku ilipozimika. Ethi zote zikisoma chini ya 0.3, umeshaondoa viungo vya tepu, na injini bado inazimika huku taa za dashibodi zikiwaka, hapo nitakuambia uanze na rilei kuu. Baada yake sensa.